Lerionka Aliyekufa Kabla ya Pasaka

Mwinjilisti Fanuel Sumari alikuwa amefundisha darasa la ubatizo kwa miaka ishirini na sita, katika kanisa dogo la Kilutheri lililo juu ya Usa River, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufiwa na mwanafunzi. Lerionka akawa wa kwanza.

Lerionka alikuwa mlinzi wa shamba la maua, mtu wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Mkewe Simaloi alikuwa Mkristo tangu usichana wake. Kila Jumapili Lerionka alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akakaa nje kwenye benchi mpaka ibada iishe. Jumapili moja ya Novemba aliingia ndani, na watu walipotawanyika akamfuata Fanuel akamwambia kwamba anaamini na anataka kubatizwa. Fanuel akamwandikisha darasani. Ubatizo ungekuwa Pasaka, kama ilivyo kawaida.

Februari walifika kwenye habari za yule Mwethiopia aliyebatizwa na Filipo njiani, siku ileile aliyoamini. Lerionka akanyoosha mkono.

"Mwinjilisti, huyu alisoma miezi mingapi?"

Darasa likacheka, na Fanuel naye akacheka. "Huyo alikuwa na Filipo. Wewe una mimi, na utaratibu wa kanisa."

"Basi nitasubiri," Lerionka akasema.

Wiki mbili kabla ya Pasaka mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Lerionka alishuka kuzibua mfereji uliojaa tope, ukingo ukamporomokea. Walipomfukua, alikuwa ameshakata roho.

Fanuel alikwenda msibani na Biblia yake kwapani. Simaloi hakulia mbele yake. Alimuuliza swali moja tu.

"Ulitufundisha kwamba bila kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, mtu haingii katika ufalme wa Mungu. Sasa mume wangu yuko wapi?"

Fanuel alikaa na waombolezaji mpaka mchana, akaondoka bila kujibu.

Kesho yake alikwenda Kikatiti kwa Mchungaji Diana, msimamizi wa usharika wao, mama ambaye Fanuel alimzidi kwa miaka ishirini na zaidi.

"Shikamoo, Mwinjilisti. Pole na msiba."

Fanuel hata chai hakuigusa. Alimweleza yote. Mahali pamoja katika Biblia, alisema, maji ni lazima, na Petro anaandika kwamba ubatizo unaokoa. Halafu mhalifu msalabani anaahidiwa paradiso bila tone la maji, na Paulo anasema hakutumwa kubatiza. "Nimeyafundisha yote, kila moja kwa siku yake. Sijawahi kuyaweka pamoja mezani."

Mchungaji akafungua Injili ya Marko, ukurasa wa mwisho. "Anayeamini na kubatizwa ataokoka. Nani atahukumiwa? Soma."

"Asiyeamini."

"Haikuandikwa asiyebatizwa. Na nyumbani kwa Kornelio, Roho aliwashukia watu waliomsikiliza Petro wakiwa bado wakavu, kabla ya ubatizo. Lakini Petro hakusema, basi, maji ya nini tena. Aliagiza wabatizwe palepale. Hata Paulo hakuyadharau maji. Aliposema vile alikuwa akiwakemea watu waliogawanyika makundi kwa kumfuata aliyewabatiza. Mungu ametupa maji ili tujue pa kumpata. Hakujifungia humo."

"Kwa hiyo Lerionka..."

"Lerionka aliamini, akaomba maji, akafa akiyasubiri. Sina hofu juu yake." Mchungaji akaifunga Biblia. "Ila agizo la kubatiza tulipewa sisi, Mwinjilisti. Mimi na wewe."

Fanuel aliinamisha kichwa. Faraja aliyoifuata alikuwa ameipata, lakini ilikuwa ya Lerionka. Fanuel mwenyewe alirudi nyumbani na mzigo wake.

Lerionka alizikwa kwa ibada kamili ya Kikristo. Kabla ya udongo kurudishwa, Fanuel aliomba nafasi ya kusema.

"Huyu ndugu aliniomba ubatizo mwezi wa kumi na moja. Nilimwambia asubiri. Mama Simaloi, mume wako hakuyakataa maji. Mimi ndiye niliyemcheleweshea. Yeye yuko kwa Bwana aliyemwamini. Mimi naomba unisamehe."

Simaloi aliutazama udongo. "Nimesikia," alisema.

Jumapili iliyofuata, bila kungoja Pasaka, Mchungaji Diana aliwabatiza wanafunzi watano waliobaki. Fanuel alishika bakuli la maji. Simaloi hakuwepo.

Alirudi kanisani mwezi wa saba, akakaa kiti cha nyuma. Baada ya ibada Fanuel alimfuata, wakasalimiana.

"Huwa namwombea kila asubuhi," Simaloi alisema. "Sijui kama kanisa letu linaruhusu."

Fanuel alijua kanisa linafundisha kwamba waliokufa hawaombewi. Alikuwa amelifundisha somo hilo pia, mwaka hadi mwaka.

"Endelea kumwombea, Mama," akasema.