Aliyetuuzia Nyumba Iliyoliwa na Mchwa

Jumanne nililetewa habari kwamba mzee mmoja wa Lubunga, hapa Kisangani, aliyeishi kwa kuuza nyumba, amefariki. Aliyeileta alijua kwamba marehemu nami tulifahamiana tangu utoto wangu, akaniomba nimwandikie maneno mazuri katika safu hii. Nimelifikiria ombi hilo siku tatu. Maneno mazuri wameshayasema wengine kwenye mazishi, nami sikwenda. Nitaandika ninayoyajua.

Katika miaka ya kwanza ya uhuru, wageni walipokuwa wakiondoka Kisangani na mizigo yao, marehemu alikuwa karani kijana aliyeachiwa nyumba ya matofali na bosi wake Mzungu, akataka kuiuza upesi. Baba yangu, fundi cherehani aliyekuwa akipanga chumba kimoja na watoto watano, aliipenda tangu alipoiona. Aliomba jambo moja tu kabla ya kutoa fedha: seremala apande darini akazitazame mbao. Karani alinuna kama aliyetukanwa. “Papa, unaniona mwizi? Hii nyumba iko nzima. Mundele alijenga yee mwenyewe. Alors, seremala atakuya kutafuta nini?” Baba aliona haya. Alikuwa mtu wa msikiti, hakuzoea kumshuku mwenzake mbele ya watu. Akalipa. Rangi ya dari ilikuwa mbichi bado, nasi tukaifurahia harufu yake.

Miaka michache baadaye, uasi wa silaha ulipofika mjini, majirani walikimbilia kwetu kwa sababu ya zile kuta nene. Siku ya pili, mchana, mvua ikinyesha, boriti kubwa ilikatika na dari yote ikashuka. Hakuna risasi iliyokuwa imegusa paa letu. Baba alikuwa amewakinga wadogo zangu kwa mwili wake, na boriti ikamponda mkono wa kulia. Nilipouokota ubao uliovunjika ulikuwa mwepesi kama ganda la mkate. Ndani hamkuwa na mti, mlikuwa na udongo wa mchwa, na juu yake gundi ya kuzibia matundu na rangi nyeupe. Mji ulipotulia, baba alikwenda kwa karani, mkono ukiwa umefungwa shingoni. Mimi nilikuwa naye. Karani hakutukaribisha hata kiti. “Ile ni vita, papa,” alisema. “Manyumba mingi ilianguka.” Baba hakushika mkasi tena maisha yake yote. Cherehani iliuzwa, mama akaanza kukaanga maandazi sokoni, nami nikaacha shule nikajifunza useremala. Nilichagua kazi hiyo kwa hasira, sitaficha.

Miaka mingi baadaye, kabla sijashika kalamu, mzee mmoja nadhifu aliingia karakana yangu. Nilimtambua papo hapo; yeye hakunitambua. “Fundi, ninataka kununulia mutoto wangu nyumba kule Mangobo. Ukuye uangalie mbao kwanza.” Mnaona? Kwa mtoto wake alijua kwamba mbao hutazamwa. Nilipanda darini, nikachoma boriti kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Mzee akapaza sauti kutoka chini: “Fundi, iko nzima?” Nikamjibu, “Iko nzima, papa.” Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu njia nzima.

Asubuhi yake nilikwenda kwenye nyumba ile kumtazama akilipa. Binti yake alikuwa amekuja mapema, anapima dirisha kwa kamba apate kukata mapazia, na watoto wake wawili wamekaa sakafuni chini ya boriti ile ile. Tabasamu likanikauka. Paa lile lisingemwangukia mzee, lingewaangukia hao. Nikamwambia yule dada, “Mama, musinunue hii nyumba. Muchwa imekula mbao yote. Jana nilimudanganya papa yako.” Akashangaa: “Juu ya nini?” Nikamweleza sababu, tangu rangi mbichi hadi mkono wa baba, na mzee amesimama pale anasikia kila neno.

“Papa, ni kweli?”

“Ile ilikuwa vita, mutoto wangu.”

“Sikuulizi vita. Ninakuuliza mbao.”

Mzee alitazama sakafu, kisha akasema, “Nilijua.” Binti aliwashika watoto wake mikono akatoka, hakugeuka nyuma. Mzee akaniuliza kama sasa nimeridhika. Nikamwambia bado. Nasikia tangu siku ile binti hakumruhusu tena kumchagulia hata kiti. Habari hizo nilizipokea kwa furaha, na mpaka leo ninazifurahia. Uongo wangu wa siku moja naujutia. Aibu yake siijutii hata kidogo.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba enzi zile ziliwaharibu wengi, kwamba mtu asihukumiwe kwa alichofanya nchi ikiungua. Baadhi yao ninawaelewa. Lakini rangi ile ilipakwa kabla ya risasi ya kwanza, katika siku ya amani, na mtu aliyejua anaficha nini. Wewe unayetaka kununua nyumba mwaka huu, mpeleke fundi kwanza. Apande juu, achome mbao, afukue kwenye msingi, hata kama muuzaji ni mtu wa msikiti wako au wa parokia yako. Usione haya, kama alivyoona baba. Mwenye nyumba nzima atakuletea ngazi mwenyewe. Akikasirika, mshukuru na uondoke.