Mwaisha wa Magurudumu Mawili

Wajukuu zangu wananiuliza kwa nini madereva wa malori ya Gairo wanaandika majina mbele ya magari yao. Wanadhani ni mbwembwe. Mbwembwe zipo, sikatai, lakini mimi niliolewa na mtu aliyeliita gari lake kwa jina kabla lori la kwanza halijaonekana Morogoro, na yeye hakuwa na mbwembwe hata kidogo. Alikuwa na woga. Naandika habari zake kwa herufi zangu hizi hizi, anayetaka nzuri zaidi akamwombe mwalimu.

Mume wangu Rehani alikuwa mtu wa rikwama. Rikwama ni gari la kusukuma kwa mikono, magurudumu mawili, na mbele miti miwili ya kushikia. Lake alichongewa na fundi mmoja Mhindi pale stesheni, kwa mbao za masanduku yaliyokuja na reli, Mdachi alipokwisha kuifikisha reli mjini kwetu. Ng'ombe wa kukokota hawakudumu huku, mbung'o waliwamaliza, kwa hiyo ng'ombe alikuwa Rehani mwenyewe. Mbele alivuta yeye, nyuma alisukuma mwenzake Gabrieli, Mluguru wa misheni, mtu wa maneno mengi. Walipeleka chumvi na nguo madukani Mwembesongo, na mabati kwenye mashamba ya Wazungu. Kutoka mlimani, upande wa Bigwa, waliteremsha viazi na maharage.

Kupanda si kazi, ni jasho tu. Kazi ni kuteremka. Mzigo unakusukuma mgongoni na njia ni utelezi, nawe huna cha kushika ila ile miti miwili. Siku moja ya mvua rikwama lilimponyoka Rehani kule Bigwa, likamrusha kando, na Gabrieli aliyekuwa amening'inia nyuma kulizuia likamburura mpaka kwenye jiwe. Mguu ukavunjika. Gabrieli alipona, lakini alichechemea mpaka kufa kwake, naye alikuwa akisema mguu ule umebaki Bigwa unalima viazi.

Tangu siku ile Rehani akawa hali vizuri akijua kesho yake ana mzigo wa mlimani. Akaenda kwa mama yake, Chausiku, akamwomba jina la bibi yake.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lakini jina huombwa upande wa baba. Jina la marehemu halitupwi, linangoja mtu wa kulirudisha, na likishapewa mmoja haliwezi kupewa mwingine maadamu yule wa kwanza yupo. Anayelirithi anaheshimiwa kama marehemu mwenyewe. Sasa bibi yake Rehani, Mwaisha, alikuwa mwanamke mnene, mzito, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Nyumba yake iliposhika moto alitoka kwa mwendo wake ule ule, akarudi kuchukua kinu, akatoka tena. Rehani alitaka mwendo ule uingie kwenye magurudumu.

Chausiku akakubali. Alinyunyiza unga wa mtama na maji kwenye magurudumu yote mawili, akalitamkia rikwama jina mbele ya watu. Mimi nilikuwa ndani, sikutoka. Nilikuwa nimezaa mara mbili, na watoto wote wawili waliondoka kabla kitovu hakijaanguka. Mtoto mwenye kitovu kwetu ni mgeni, hapewi jina. Kwa hiyo wanangu wamelala bila jina, na jina ambalo lingekuwa lao likapewa mbao. Nilikasirika, na sikuficha.

Lakini ukweli niuseme, rikwama lilitulia. Rehani alikuwa akifika ukingoni mwa mteremko anasimama, anapangusa mikono, anasema, "Taratibu, bibi." Halafu wanateremka. Mpaka leo sijui kama ni gari lililotulia au ni yeye. Watu wa sokoni wakazoea, wakawa wanaliamkia rikwama shikamoo, na Gabrieli anaitikia marahaba kwa sauti ya kikongwe. Kila jioni Rehani alilipaka mafuta ya nyonyo penye chuma cha magurudumu, pale pale uani, hata ardhi ikawa nyeusi. Alilifunika kwa mkeka mvua ikija. Mkeka ulikuwa wangu.

Kisha vita vya Wadachi na Waingereza vikatufikia. Mwaka ule Mwingereza alipokaribia, Mdachi akaanza kuhamisha vitu vyake kwa njia ya Kisaki, nyuma ya milima. Majumbe walikuwa wamekwisha kutoa wapagazi, tena wengi. Waliokwenda Kisaki tuliwahesabu kama waliokwisha kuzikwa, maana habari zao hazikurudi. Mimi wakati huo nimejifungua, mtoto wa kike, kitovu bado kibichi. Nilikuwa ndani naangalia kitovu kile kama mtu anayeangalia chungu kisifurike.

Alasiri moja akaja askari, Dadi, Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu. Akalizunguka rikwama, akaligonga kwa kiatu.

"Watani," akasema, "nimekuja kumchukua bibi yenu. Mahari mtamdai Mdachi."

Rehani hakucheka. Akauliza ni nani atakayelishika huko milimani. Dadi akamwambia wasukumaji wapo, wamekamatwa Dakawa, yeye Rehani anatakiwa abaki stesheni kupakia mizigo, gari tu ndilo linalotakiwa, naye Dadi atakuja kulichukua kesho asubuhi.

"Likienda, nakwenda nalo," Rehani akasema.

Dadi akamtazama, utani ukamtoka usoni. "Mtani, mimi mwenyewe ningekuwa na njia ya kubaki, ningebaki."

Alipoondoka nilimwita Rehani mlangoni. Nikamwambia kila neno nililokuwa nalo, kwamba zile ni mbao za masanduku, kwamba ana mtoto, kwamba Gabrieli na mguu wake ule hawezi kututunza. Akanisikiliza ameinama, anapangusa mikono kama yuko ukingoni mwa mteremko.

"Nimwache bibi kwa watu wasiomjua?" akasema. "Mama alimtamkia jina mbele ya watu wote. Wewe ungemwacha wa kwenu?"

Nilijua hatabadilika. Si mkaidi kama mimi, lakini alikuwa na jambo moja moja ambalo huwezi kumtoa. Akatafuta kamba, akafunga jamvi lake la kulalia na kibuyu cha maji.

Nikamwita mama mkwe wangu. Nikamwambia alitoe jina kwenye rikwama ampe mtoto, ili asubuhi zibaki mbao tupu, na Rehani asiwe na mtu wa kumfuata.

Chausiku akakataa palepale. Alisema kitovu hakijaanguka. Alisema mgeni akiondoka na jina, anaondoka nalo moja kwa moja, na Mwaisha hatatajwa tena katika nyumba ile, nami nitakuwa nimepoteza mtoto na bibi kwa pamoja. Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu na mimi niliamini hivyo hivyo.

"Mama," nikasema, "wawili wameondoka bila jina. Kukosa jina kulimzuia nani?"

Akainuka akaenda zake.

Asubuhi Dadi akaja na vijana wawili wa Dakawa, miguu imepasuka. Rehani amekwisha kuweka mzigo wake juu ya rikwama. Mwanamke mzazi hatoki nje siku zile, lakini nilitoka, mtoto kifuani. Nikauondoa mkeka, nikamlaza mwanangu juu ya zile mbao, kitovu chake nje, kila mtu akakiona. Rehani akanyoosha mkono anichukue, nikamwambia asinishike.

Tukasimama hivyo. Mtoto akaanza kulia. Jua lilikuwa limemfikia machoni, nami nilimzibia kwa kiganja. Kama Chausiku asingetoka, sijui ningefanya nini, maana kurudi ndani nisingerudi.

Akatoka. Alikuwa na kibuyu na unga, kumbe alikuwa ameutayarisha tangu alfajiri. Akanyunyiza gurudumu la kushoto, kisha la kulia.

"Bibi, shuka," akasema. "Hapa ulipumzika tu." Akachovya kidole kwenye unga, akampaka mtoto kwenye paji la uso. "Kaa hapa, Mwaisha. Kaa."

Kisha akanigeukia. "Akiondoka, Mwajuma, usinililie mimi."

Nikamnyanyua mwanangu. Rehani akashusha mzigo wake, polepole, jamvi kwanza, halafu kibuyu. Akashika miti ya rikwama kuligeuza lielekee njiani, akafungua kinywa, akakifunga. Hakuwa na wa kumwambia. Wale vijana wakalipokea.

"Mmeninyima mke," Dadi akasema, "mmeniachia kitanda." Watu wakacheka kidogo, akacheka na yeye, wakaondoka. Hatukumwona tena, wala wale vijana, wala rikwama.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka, lakini nazikumbuka. Mizinga ilisikika, watu wakakimbilia milimani, sisi tukabaki. Mtoto alipata joto, akakataa ziwa. Rehani alikaa uani mahali palipokuwa na rikwama, hana la kupaka mafuta. Chausiku alikaa mlangoni, hasemi nami. Na mimi kila saa nafunua nguo, natazama kitovu. Kinakauka, nasema afadhali. Nagusa, bado kimeshika. Usiku nikisinzia naota nimekivuta, naamka nimekunja ngumi. Waingereza waliingia mjini mimi niko ndani, nilisikia kelele tu, sikuuliza nani ameshinda.

Kilianguka nikimwogesha. Nilikiona kinaelea ndani ya maji, nikadhani ni jani. Chausiku akaingiza mkono akakitoa, akakiweka kiganjani akakitazama kwa muda mrefu.

"Rehani," akaita, "njoo uchimbe."

Akachimba pale uani, kwenye ule udongo mweusi wa mafuta ya nyonyo.

Baadaye alipata rikwama jingine, hakuliita chochote. Akifika kwenye mteremko alifunga gogo nyuma kwa kamba, liburuzwe, wakateremka hivyo yeye na Gabrieli mpaka uzee. Mwaisha wetu alikawia kukaa, akakawia kutambaa, na kusimama ndiyo usiseme. Majirani walinong'ona, mimi nikawaambia waende wakaangalie wa kwao. Siku aliyosimama, Rehani alikuwa amechuchumaa nyuma yake, mikono mbele bila kumgusa, anapumua kama yuko Bigwa na gunia saba.

"Taratibu, bibi," akamwambia.

Naye akaenda taratibu.