Bawabu wa Seva Siku ya Matokeo

Saa nne asubuhi, mstari wa kijani kwenye skrini, unaohesabu wanaoingia, unaruka kama mbuzi aliyeona shamba la mahindi. Bawabu anaiacha chai yake ipoe.

Jina hilo alipewa kazini, likamganda. Kwa miaka tisa mama huyu ameshinda katika chumba chenye baridi ya kuvaa masweta mawili, akilinda seva za wateja dhidi ya mafuriko. Si ya maji. Wahuni huteka maelfu ya kompyuta, zikabisha hodi kwa pamoja mpaka seva izidiwe na wenye shida zao wakose kuingia.

Leo matokeo ya mtihani wa shule yametoka, na tovuti yake imo humu.

"Funga mlango, binti," anasema meneja nyuma yake. "Tumevamiwa."

"Subiri kidogo, mzee."

Aliyeumwa na nyoka, ati. Mwaka jana, siku kama hii, aliona umati akafunga. Kumbe ni wazazi. Watu elfu arobaini walikaa nje saa tatu nzima, dada yake wa tumbo moja akiwemo.

"Mpaka leo tukienda harusini ananitambulisha hivyo: huyu ndiye aliyenifungia," anasimulia Bawabu, akicheka. Barua ya onyo aliyopewa haikumchekesha. Ya pili ingemtoa kazini.

Akifunga, wazazi watalia. Asipofunga na kweli ni wahuni, seva italala, wazazi watalia vilevile. Anavuta kiti, anaanza kusoma nani anaomba nini.

"Mzazi ana kiherehere," anaeleza bila kugeuka. "Anakosea namba ya mtoto, anarudia, anakosea tena. Lakini hawa wanabisha mara mia kwa sekunde na hawajaandika namba hata moja. Wamekuja kumtafuta nani?"

Anawazuia hao tu. Mstari unashuka, unasimama nusu. Nusu iliyobaki inajikwaa na namba zake kama kawaida ya binadamu.

Meneja anashusha pumzi. "Haya. Hao ni wa kwetu."

Siku hizi Bawabu anamfundisha kazi fundi mwenzake, bwana mmoja mwepesi wa kufunga kila kitu, "hata mdomo wangu angeufunga," anamtania. Bawabu ana sababu ya kumfundisha. Kifungua mimba wake atafanya mtihani mwakani.

"Matokeo yakitoka sishiki zamu," anasema. "Nitabisha hodi na wazazi wenzangu, nikikosea namba ya mtoto. Na huyu bwana akinifungia, tutaonana."