Ngao za Ukuta wa Moubarak

Vuuuu. Sauti moja isiyokatika, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ndiyo aliyoisikia Twalibu alfajiri ile ya Disemba mwaka themanini na moja, bado mtoto wa madrasa, amechuchumaa kando ya redio ya fundi cherehani, baba wa rafiki yake Moubarak. Walikuwa wametoka kuswali. Huko Tokyo, ilikochezwa mechi, jua lilikuwa utosini. Hapa Buyenzi, mtaa wa kando ya ziwa, majogoo walikuwa bado wanajibizana. Mtangazaji alisema Kireno, lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani humo. Lakini nyuma yake Wajapani walipuliza mapembe ya plastiki toka mwanzo wa mchezo hadi mwisho, na kila Flamengo wa Brazili walipowafunga Liverpool wa Uingereza, mapembe yalipanda kidogo, kisha yakashuka. Yalipanda mara tatu. Mwanga ulipogusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, watoto wale wawili walikuwa wameshagawana dunia: Twalibu alichukua Amerika ya Kusini, Moubarak akachukua Ulaya.

"Afrika hatukuichukua," Twalibu huwaambia watu mpaka leo, "kwa sababu haikualikwa."

Alikua akawa mwandishi wa mabango. Ukipita Buyenzi ukaona kichwa cha mtu kimechorwa nje ya kinyozi, nywele zimelala kama nyasi baada ya mvua, basi ni mkono wake. Maduka ya dawa, magereji, majina ya meli kule bandarini, yote yake. Moubarak naye alirithi chumba cha baba yake, akatoa vyerehani, akaingiza mabenchi na televisheni, akafungua ukumbi wa mpira. Ukumbi ulikuwa na ukuta mrefu unaotazama barabara, hauna dirisha hata moja.

"Nichoree kitu, sha," Moubarak alimwambia. "Kitu ambacho mutu akipita atasimama."

Twalibu akachora kombe lile la bingwa wa Ulaya na bingwa wa Amerika ya Kusini. Si kikombe chenyewe; alichora maisha ya kombe hilo. Alianzia kushoto na mwaka wa sitini, Real Madrid walipowapiga Peñarol wa Uruguay, akaenda mwaka baada ya mwaka, kila bingwa na ngao yake kubwa kama sahani ya wali, rangi zake mwenyewe, na chini yake jina la aliyefungwa kwa herufi ndogo. Kuna miaka bingwa wa Ulaya alikataa kuvuka bahari, akiogopa mateke ya kule, akaenda aliyeshika nafasi ya pili badala yake. Ngao za miaka hiyo Twalibu alizizungushia mstari wa nukta. Na kuna miaka miwili, sabini na tano na sabini na nane, haikuchezwa mechi kabisa. Hapo alichora ngao tupu.

"Fundi, hizi umesahau," wageni walikuwa wakimwambia.

"Sikusahau. Hapo ndipo waliposhindwa kuonana."

Mwaka wa tisini na tatu, Disemba, mji ulikuwa umejifungia ndani kwa hofu ya vita, barabara nzima haina mtu. São Paulo waliwashinda Milan. Twalibu alitoka na kopo lake na brashi moja, akachora ngao ile harakaharaka huku Moubarak amesimama mlangoni akimlindia njia kwa macho. Mistari yake ilitetemeka. Amani iliporudi watu walimshauri airekebishe, akakataa. Alisema mkono wake ulikuwa unasema kweli siku ile.

Ilikuwa na desturi yake, ngao mpya. Ilichorwa baada ya mechi, mchana, mbele za watu, na shabiki wa aliyefungwa ndiye aliyeshika kopo la rangi. Hakuruhusiwa kuliweka chini, hakuruhusiwa kujibu. Alitaniwa mpaka ngao ikauke. Miaka ya mwanzo Moubarak alilishika sana. Kisha Ulaya ikawa tajiri, ikanunua watoto wote wa Brazili na Argentina, ikawa kila mwaka Twalibu anachora kwa mkono mmoja na kushika kopo lake mwenyewe kwa mkono wa pili.

"Tazameni mfiwa anavyojichimbia kaburi!" Moubarak alikuwa akipiga kelele, na barabara yote ikicheka, na Consolate, mama anayeuza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya barabara, akimpigia vigelegele vya msiba.

Mwaka wa elfu mbili mabara yote yakaanza kualikwa. Siku hiyohiyo Twalibu alisugua kipande cha ukuta kule mwisho, karibu na mlango, kwa msasa laini, mpaka kikawa kama shavu la mtoto. Hakukichora. Kila mtu alijua ni cha nani. Mwaka elfu mbili na kumi, Mazembe wa Lubumbashi waliwatoa Internacional wa Brazili, wakaingia fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Wanawake wanaovuka mpaka wa Gatumba kwenda Kongo walirudi na jezi nyeusi na nyeupe ndani ya vikapu, chini ya vitenge, na wazee wazima wa Buyenzi waliruka kwa makalio barabarani wakimwiga golikipa wa Mazembe, aliyekuwa akishangilia hivyo. Twalibu alikoroga rangi mbili, nyeusi na nyeupe, akaziweka tayari. Mazembe walifungwa tatu bila na Inter wa Ulaya. Alifunika makopo, akachora ngao ya Inter mahali pake pa kawaida, na kile kipande laini kikabaki kinangoja. Moubarak ndiye aliyemshikia kopo siku hiyo, ingawa timu yake ya Ulaya ilishinda. Hakutania. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yeye.

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Sasa njoo mwaka elfu mbili na ishirini na tano.

Ukumbi ulikuwa umepungukiwa watu. Vijana hutazama mechi kwenye simu, kila mmoja kwenye kona yake, na mabenchi ya Moubarak yalikuwa yanashika vumbi. Siku moja, wiki chache baada ya Idi, alimfuata Twalibu nyumbani.

"Twalibu, sha. Kombe limekua. Mwaka huu ni timu thelathini na mbili, kule Amerika, mwezi mzima. Ukuta wetu umezeeka."

"Umezeeka wapi? Mi nauona."

"Rangi inabanduka. Kwangua yote, uanze upya. Kubwa, mpaka chini ya bati. Na hao Mazembe uwape nafasi yao hata kama hawakuchukua."

"Yote?"

"Yote. We si unaijua kwa kichwa? Itarudi."

"Itarudi," Twalibu alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Kwa nini usiite vijana wakwangue, mi nije kuchora tu? Mabega yangu si ya zamani."

"Apana. Ule ukuta ni mkono wako tu. Mutu mwingine asiuguse."

Maneno hayo yalimwingia Twalibu kama chai ya tangawizi. Usiku ule alimwonyesha mkewe Raihana jinsi itakavyokuwa: mabara kama mito, kila mto na rangi yake, yote inakutana mlangoni. Alikuwa na furaha ya mtu anayejengewa nyumba.

Akakwangua. Alianza na ngao za karibuni, ambazo hazikuwa zimeshika sana, akarudi nyuma kidogokidogo. Madrid, Liverpool, Corinthians, Inter. Rangi ilianguka vipande vipande kwenye kanga kuukuu aliyotandika chini, maana hakutaka ikanyagwe. Moubarak alimshikia ngazi. Alimletea maji, alimletea mandazi, alimpangusia vumbi shingoni kwa leso yake mwenyewe. Walipofika kwenye ngao iliyotetemeka Moubarak aliishika ngazi kwa mikono yote miwili. Walipofika kwa Flamengo wa themanini na moja, Twalibu alishuka ngazi, akakaa.

"Hii ngoja kwanza," alisema.

"Itarudi, ndugu yangu," Moubarak akamwambia, akimtazama miguu, si uso. "Si ulisema itarudi?"

Akapanda tena, akaikwangua. Kisha akaupaka ukuta chokaa, mara ya kwanza na mara ya pili, ukawa mweupe kama sanda. Watu waliopita walisimama kuutazama zaidi kuliko walivyosimama siku zote ukiwa na ngao.

Ndipo Moubarak akasema kuna nahodha bandarini anataka jina la meli yake liandikwe upya kabla haijapakia kwenda Kigoma. "Nimekutaja. Nenda tu, chokaa ikauke vizuri." Kazi ile ilimchukua siku mbili. Aliandika herufi zile akiwa amening'inia ubavuni mwa meli, maji yakimulika tumbo la chuma, na kichwani anapanga mito yake ya rangi.

Jioni ya siku ya pili aliteremka kwenye pikipiki kwenye kona ya barabara yao, begi la brashi begani. Ukuta ulikuwa wa zambarau.

Haukuwa umemalizika. Zambarau ilikuwa imefika kwenye kimo cha bega, na vijana watatu wasio wa Buyenzi walikuwa wanaisukuma juu kwa rola. Kwenye mlango wa ukumbi lilikuwa limeegemezwa godoro la sponji ndani ya nailoni, la mfano. Kijana mmoja nadhifu, kofia ya zambarau kichwani, alinyoosha mkono kumzuia.

"Mzee, pole, usikaribie. Rangi mbichi, utachafuka."

Twalibu alitazama mikono yake yenye rangi ya meli. "Mnafanya nini hapa?"

"Tangazo la magodoro. Naitwa Valéry, mi ndo nasimamia." Kisha kijana akaona begi na brashi, akatabasamu kwa moyo mweupe. "Ah! We ndo yule fundi aliyetukwangulia? Félicitations, hongera mzee, kazi safi kabisa! Kampuni ilitaka ukuta mtupu, tuliona itakuwa shida. Patron Moubarak akasema msijali, nina mutu wangu."

"Alisema lini?"

"Oh, zamani. Tulisaini kabla ya Ramadhani."

Twalibu alivuka barabara kwa sababu miguu ilihitaji pa kwenda, akakaa kwenye kigoda cha Consolate, katikati ya marundo ya ndagala. Consolate aliacha kupima.

"Baba Houda. Mi nilidhani unajua."

"Najua nini, Mama Vainqueur?"

"Jésus." Alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. "Nilikuona unakwangua na yeye anakushikia ngazi, mnacheka. Nikasema, wamekubaliana. Wanaume hawa wamezeeka, wamekubaliana." Alishusha sauti. "Aliita vijana wa hapa kwanza. Hata Vainqueur wangu alimwita. Wote walikataa. Vainqueur alirudi nyumbani akasema, mama, ule ukuta siwezi kuutia chuma, hata anipe nini. Ndipo akaja kwako."

Basi hilo ndilo lililomkaa Twalibu kifuani. Magodoro hayakumuuma sana. Mtu na ukuta wake. Kilichomuuma ni kwamba Buyenzi nzima hapakupatikana mkono wa kuua kitu kile, ikabidi utafutwe mkono uliokizaa. Na ukaja. Ukaja unaimba.

Kombe la Amerika likaanza. Watu walimwendea kama kawaida, kumuuliza kama Waarabu wa Cairo watafika mbali, kama wale wa Afrika Kusini wanaweza kweli, na ilikuwaje ule mwaka Waargentina na Waskoti walipopigana uwanjani hadi wachezaji wakaisha. Aliwajibu kwa adabu kwamba hakumbuki. Aliyekuwa akikumbuka hata jina la mchezaji wa akiba! Raihana alimsikia akijibu hivyo mlangoni, akaenda nyuma ya nyumba akalia peke yake.

Kwenda msikitini alipita njia ya nyuma, asiione zambarau. Moubarak naye aliswali safu ya mwisho na kutoka kabla ya watu.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala, Moubarak alipobisha hodi. Raihana alimfungulia bila salamu ndefu, akamwekea kiti uani, akaondoka. Twalibu alikuwa anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Hakusimama, ila alimsogezea bilauri ya maji, maana mgeni ni mgeni.

"Nitukane," Moubarak alisema. "Wallahi, nitukane, nitalala."

Twalibu alikamua brashi kwa kitambaa.

"Ukumbi ulikuwa unakufa, Twalibu. Umeona mwenyewe. Mabenchi yana buibui. Ningeufunga, ningeuza chumba cha baba. Magodoro ndiyo yameushika usianguke. Mi nilikuwa na ukuta tu, sina kingine." Alingoja. "Sema hata kidogo."

Kitambaa kilikuwa kinashika madoa ya zambarau. Twalibu alikigeuza upande, akatazama: ilikuwa rangi ya meli tu, buluu iliyochanganyika na nyekundu.

"Na ule ukuta ulikuwa pumzi yako, nilijua. Ningekwambia nini? Ningesema, kaka, nimeuza pumzi yako? Nilijua utakataa. Nilijua utasimama mbele yake kama siku zile za vita, na mi ningeshindwa. Nikaogopa." Alizungusha bilauri ya maji bila kuinywa. "Nilisema ukishamaliza utanichukia, lakini itakuwa imekwisha. Hicho ndicho nilichofikiri. Mi ni mutu mubaya?"

Twalibu alilaza brashi juu ya gazeti, nywele zake zikielekea upande mmoja. Alimtazama rafiki yake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ngazi. Alikuwa amekonda. Shingo ya kanzu ilikuwa imempwaya kama ya mtu mwingine.

Kisha akasema, polepole sana, hata Moubarak akalazimika kuinama ili asikie:

"Ungeniambia tu. Ningeukwangua vilevile."