Ndugu wa Ziwa Moja

Mwanangu aliishi siku mbili katika wodi ya wazazi, Kilosa. Tulimzika nyumbani Mikumi, na wanawake wakanikataza kulia. Mtoto mchanga haliliwi, walisema, wala hawekewi matanga. Kesho yake mume wangu akarudi kazini. Nilimchukia kwa hilo, na sijui kama nimeacha.

Maziwa hayakuwa na habari za msiba. Yalijaa mpaka gauni likalowa. Mama yangu, aliyeshuka kutoka Lumuma, alinifunga kifua kwa kanga, akakaza, akasema yatakauka yenyewe. Alipotoka nikaifungua. Mwanangu hakuniachia kitu kingine, na hicho nacho walitaka nikiue.

Nilimpigia simu muuguzi aliyenizalisha, nikamuuliza kama kuna mtoto anayehitaji maziwa. Akasema yupo njiti mmoja wa kiume, kazaliwa kabla ya miezi kutimia, mama yake alifariki akijifungua. Nije, ila nipimwe damu kwanza.

Nilipofika wodini, mtoto alikuwa kifuani mwa bibi yake, mama mmoja wa Mabwerebwere, kafunikwa ushungi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Muuguzi alipomweleza nimefuata nini, bibi alimvuta mtoto karibu zaidi. Kisha akasema hakatai, lakini katika dini yao anayenyonya maziwa yangu anakuwa mwanangu, na watoto wangu ni ndugu zake. Hawaoani. Kwa hiyo lazima mtoto awajue.

"Nitajie wanao," akasema.

Nikamwambia nilikuwa naye mmoja tu, wa kike, na nimemzika.

"Basi nitajie huyo huyo. Anaitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwenye karatasi za hospitali aliandikwa "mtoto wa", likafuata jina langu, na kaburini hatukuandika kitu. Lakini jina nilikuwa nalo. Tangu mimba ina miezi saba nilikuwa namwita kimoyomoyo. Nikalitamka, na sauti yangu ikanishtua. Bibi alilirudia mara mbili asije akalisahau, kisha akamwinamia mjukuu wake na kumwambia ana dada.

Nilikamua kwa wiki tatu, nikilala kwa shangazi yangu pale mjini. Mtoto alinyweshwa kwa kikombe, akaongezeka mashavu. Halafu baba yake, mkata miwa huko Ruaha, akaja kumchukua na kopo la maziwa ya unga mkononi. Alinishukuru vizuri tu. Siku hiyo maziwa yalikuja saa zile zile. Nilijifunga kanga mwenyewe, nikakaza kuliko mama.

Yule bibi alifariki mwaka jana. Mtoto sasa anatembea, nasikia, na sidhani kama kuna aliyemwambia tena ana dada. Mume wangu naye hajawahi kuuliza. Jina lile sasa nalijua mimi tu.