Mkanda wa Mashine ya Mama

Nyumbani kwetu Katindo maji tunachota kwa bidoni, nguo tunafua kwa mikono ndani ya beseni, na nguo hizo hizo tunazikausha kwa mashine ya umeme. Wageni huuliza kwa nini nilianzia mwisho. Nawajibu kwamba ni kwa ajili ya masizi ya volkano, yanayoshuka kwenye kamba na kutia nguo nyeupe madoadoa. Ni jibu zuri, kila mtu Goma analikubali, na si kweli.

Ukweli ni kwamba tangu alipopooza upande mmoja, mama yangu hakuweza tena kuzuia mkojo. Huyu ni mwanamke aliyeuza vitenge kutoka Butembo hadi Kampala na kurudi, akilala juu ya mizigo yake ili isiibwe. Kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaani inayosali nyumba kwa nyumba. Wanawake wa shirika walipokuja kumwona, aliwaambia anaumwa mgongo. Waliuombea mgongo wake kwa bidii, na nadhani kwa kweli ulipona, maana haukuwa na kitu.

Nilimshonea kushi, yaani nepi, kwa mashuka ya zamani, kushi kama za mtoto mchanga, ila mtoto wa kuzivaa angekuwa amekwisha kufunga ndoa kanisani. Shida ilikuwa kuzikausha. Kwenye parseli yetu, yaani ua mmoja, tunaishi familia kadhaa na kamba ni moja, mbele kabisa ya mlango wa kuingilia. Anayepita anajua nani kanunua shuka jipya na nani bado anavaa soksi za marehemu mumewe. Mama alinieleza msimamo wake mapema.

“Siku utaanika hizi inje, siku ile ile unizike.”

Kwa hiyo mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao alipouza vitu vya nyumba yake ya karibu na ziwa, wengine waligombea viti na friji, mimi nikaondoka na mashine ya kukaushia. Hakuna aliyeshindana nami. Tuliiweka chumbani kwa Mama, tukaifunika kitenge, na yeye akaweka juu yake sanamu ya Bikira Maria. Kila tulipoiwasha ilibidi kwanza kumshusha Bikira Maria, maana mashine ilitetemeka na yeye alikuwa anasogea kuelekea ukingoni.

Ilifanya kazi vizuri hadi mvua zilipoanza. Mashine za namna hii zinajua kuchagua wakati. Siku hiyo niliiwasha, ikanguruma kama kawaida, lakini ndani nguo zililala palepale.

“Tuite fundi,” nikasema.

“Fundi akiingia humu, atatoka na kinywa yake,” Mama akajibu. Hapo mjadala ukaisha.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Naweza kukueleza kwa nini jangwani hakunyeshi. Nilichukua bisibisi, nikafungua mgongo wa mashine, nikakuta vumbi la nguo la kutosha kujaza mto, na chini yake mkanda mrefu mwembamba uliokatika. Mkanda huo unazunguka pipa la nguo na kushika kwenye mota. Ukikatika, mota inajizungukia yenyewe na pipa halina habari. Kichujio cha vumbi nacho kilikuwa kimechanika. Hicho nilikibadilisha kwa kipande cha chandarua, nikajiona fundi. Kilichobaki ni mkanda tu.

Nilimtumia binamu yangu anayefanya biashara Kampala picha na vipimo. Tangu ndege zilipoacha kutua kwetu, kila kitu kinakuja kwa barabara, na barabara ina mambo yake. Mkanda wa kwanza ulifika ukiwa umefungwa vizuri sana kwenye plastiki. Ungefaa kuzungushia sufuria ya wali. Binamu alisema muuzaji ameapa ni huo huo. Nilimwomba amrudishie muuzaji kiapo chake na anitafutie mwingine.

Huku nyuma mvua haikupumzika. Nilitundika kushi chini ya kitanda, kwenye migongo ya viti, kwenye kamba niliyofunga kati ya kabati na dirisha lililofungwa. Hazikukauka. Chumba kikaanza kunuka, na Mama, aliyekuwa na pua ya mfanyabiashara, alikisikia kabla yangu. Aliacha kunywa maji.

Mwanzoni sikugundua. Alipokea kikombe, akasema aksanti, akakiweka. Baadaye nilikuwa nakikuta kimejaa vilevile. Midomo yake ilipasuka, na alipozungumza ulimi ulikuwa unagandamana. Nilimgombeza.

“Kama hakuna kinaingia, hakuna kitatoka,” akasema.

Niliingiwa na hofu. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mtu aliyepooza akikaukiwa maji anaweza kupigwa tena na kiharusi, na safari hii vibaya zaidi. Mama yangu alikuwa tayari kufa kwa kiu kuliko kunuka mbele ya watu, na mtu kama huyo hashawishiki kwa hotuba. Alihitaji mkanda.

Nikaenda kwa kwado, yule anayeziba magurudumu ya pikipiki kwenye njia panda. Sisi watu wa Goma tuna imani mbili: ya kanisani, na ya mpira wa ndani wa gurudumu. Ukikatwa vipande virefu, mpira huo unafunga bidoni kwenye baiskeli ya mbao tunayoiita chukudu, godoro kwenye pikipiki, mlango kwenye nyumba. Sikuona kwa nini usizungushe pipa. Kwado alisikiliza vipimo vyangu, akaona ni virefu, akaniuliza:

“Mama, ni kuruwa ya mashini gani?”

Kuruwa ndio mkanda. Sikutaka kutaja kukausha. “Ya kusaga unga,” nikasema.

“Iko na moto ndani?”

“Hapana,” nikasema, kwa kuwa mashine ya kusaga haina moto na nilikuwa nimekwisha kuchagua uongo wangu.

“Kama haina moto, tutaadapte. Kama iko na moto, hii mupira itakuhaibisha.”

Alikata, akaunganisha kwa gundi, akaubonyeza chini ya jiwe. Nikaenda nao nyumbani, nikauvisha pipa, nikawasha. Pipa likazunguka. Lilizunguka kwa mruko kidogo, kama mtu anayechechemea, lakini lilizunguka, na jioni ile Mama alishika kushi yenye joto, akaiweka shavuni, kisha akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili mfululizo. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akinywa chai.

Mpira ulitunza siri yetu siku chache. Halafu, mchana mmoja nikiwa jikoni, nikasikia harufu ya gurudumu linaloungua, nikasikia parseli nzima ikitoka nje. Watu walifanya kile ambacho sote hufanya tukisikia harufu ya moto: waligeuka kaskazini kuangalia volkano. Volkano haikuwa na la kusema. Ndipo wakaona moshi mweusi unatoka kwenye dirisha la Mama.

Jirani yetu aliingia kabla yangu. Ndiye aliyemrithi Mama uongozi wa shirika, mwanamke mwema, mwenye nguvu, asiyebisha hodi. Alikuja na beseni la maji. Nilichomoa waya wa umeme, yeye akafungua mlango wa mashine, akamwaga maji ndani, kisha akaanza kuvuta nguo ili zisiungue. Wengine walijazana mlangoni. Ile ya tatu aliyoivuta ilifunguka mikononi mwake. Aliinyanyua kwa ncha mbili, ikaning'inia, na lastiki zake na kila kitu. Akaitazama. Akatazama wingi wa zile zilizobaki.

“Kushi,” akasema. “Sasa hizi ni za nani?”

Mama alikuwa amekaa kitandani, shuka hadi kifuani. Hakunitazama mimi. Alitazama ukuta, na niliona kidevu chake kinatetemeka upande ule mmoja ulio na uhai. Nilisikia uchungu ambao sikuwahi kuusikia hata siku alipoanguka.

“Ni zangu,” nikasema.

Jirani akanigeukia, kushi bado mikononi.

“Zako wewe?”

“Zangu. Ni ugonjwa. Umeanza zamani.”

Jirani aliikunja ile kushi taratibu, kwa heshima, kama kitambaa cha altare, akaniwekea mkononi. “Pole, mama,” akaniambia. Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku hiyo.

Kufikia Jumapili nilikuwa mgonjwa mashuhuri. Niliwekewa magome ya mti kwenye mlango, ya kuchemsha. Mwenzangu wa shuleni alinishauri, bila mimi kumwuliza, niache chai baada ya saa kumi. Bwana mmoja wa kwaya aliyefiwa na mke, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akinisindikiza kutoka misa hadi kwenye kona, aligundua njia fupi ya kwenda kwake. Nilikasirika, sitadanganya. Lakini Mama alikuwa anakunywa maji, na magome aliyanywa yeye, akasema ni machungu.

Mkanda wa pili ukafika kutoka Kampala. Nilisafisha masizi, nikabandua mpira ulioyeyuka kwenye mota kwa kisu cha jikoni, nikauvisha mkanda mpya huku Mama akinisimamia kutoka kitandani na kuniambia nimeupinda. Nilikuwa nimeupinda. Nikaunyoosha. Tulipowasha, pipa lilizunguka kimya kiasi kwamba nilifungua mlango kuhakikisha.

Wiki hiyo shirika likaja kusali kwetu. Nia ya sala ilikuwa mimi. Walinikalisha kwenye kiti katikati ya chumba cha Mama, ubavuni mwa kitanda, wakanizunguka, wakaweka mikono kichwani na mabegani mwangu. Jirani akamwomba Mama aongoze, kwa heshima ya zamani na kwa kuwa mgonjwa ni mwanawe. Nilijua angekataa. Tangu aanguke hakuwa amesali kwa sauti mbele ya watu.

Mama akafumba macho.

“Baba Mungu,” akasema, “tunakuletea mutoto wako. Unaona vile anaamuka asubui, anagusa shuka mbele ya kugusa kitu ingine. Unaona haya yake. Alikuwa mutu wa kusimama. Alivuka mipaka na mizigo ku kichwa, hakuomba mutu musaada. Leo hata maji ya mwili wake haimusikie tena.”

Mimi sijawahi kuvuka mpaka na mzigo wowote. Jirani alifumbua macho, akanitazama, akamtazama Mama kwa muda, kisha akayafumba tena, akasogea hatua moja karibu na kitanda.

“Umuponyeshe, Baba,” Mama akaendelea, sauti ikimkatika. “Na kama hautamuponyesha, usimuache peke yake.”

Mikono yao ilinilemea kichwani. Niliutafuta mkono wa Mama juu ya shuka, ule usio na uhai, nikaushika kwa nguvu hadi mwisho wa sala, ili kama kuna chochote kilichokuwa kinashuka, kisiishie kwangu.