Giaboksi Iliyofia Harusini

Ndugu yangu Moussa Amisi ana kipaji cha kumtukana mteja mpaka mteja akashukuru. Nimekishuhudia kwa miaka kumi na moja. Karakana yake iko mtaa wa Panda, nyuma ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, na kila asubuhi utamkuta pale mtu mzima ameinamisha kichwa, anagombezwa. Wengine wana wajukuu. Karibu wote kosa lao ni moja: wameua giaboksi ya mkanda.

Magari madogo ya Kijapani yanayotufikia hapa Likasi, Kongo, kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, mengi hayana gia za kuhesabu moja, mbili, tatu. Ndani mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Puli zinabana na kupanuka, gari linaongeza mwendo bila kushtuka hata kidogo. Ni raha tupu. Lakini mkanda ule hauna msamaha. Unataka mafuta ya aina yake peke yake, mapya kila kilomita elfu arobaini. Hautaki joto, hautaki mzigo wa kupita kiasi, hautaki kuvutwa kwa kamba gari likiharibika njiani. Ukiukosea, unateleza juu ya puli, unazichubua, na unga wa chuma unasambaa humo ndani mpaka gari linakataa kwenda.

Nilikuwepo siku dereva wa teksi anayeitwa Pitshou alipoleta lake likivuma kama kinu cha kusagia mahindi.

"Uliweka huile gani?" Moussa akamuuliza, yaani mafuta ya giaboksi.

"Ile ya rouge, Yaya. Ya bouteille." Yaya kwetu ni kaka mkubwa, na mafuta hayo mekundu ya chupa si ya mkanda.

"Na mbele ya pale, ulibadilisha huile mara ngapi?"

"Hapana hata mara moja. Muntu aliniuzishia gari alisema huile ya ndani ni à vie, ya maisha yote."

"À vie ya nani? Ya boîte, hii giaboksi, ao ya ule muntu alikuuzishia? Yeye iko muzima, boîte ilikufa!"

Pitshou alicheka. Moussa hakucheka. Alimpa hotuba ya nusu saa, akamwonyesha sumaku iliyotoka chini ya giaboksi imeota manyoya ya chuma, akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yetu bado yuko hai na anasoma. Na maneno aliyoyarudia kila siku, kwa kila mteja, ni haya: hakuna giaboksi inayokufa kwa uzee. Zote zinauawa na mtu, na mtu huyo ana jina.

Mimi ni Samira, mdogo wake. Nauza makayabu, samaki wa chumvi. Nawapelekea wake za wafanyakazi wa machimbo ya chokaa kule Kakontwe, halafu Mulungwishi kwa mama wanaowapikia wanafunzi, na nikirudi nabeba mahindi. Kazi hiyo niliifanya na gari moja jeupe lenye giaboksi ya mkanda. Lilikuwa limekaribia kilomita laki tatu, na giaboksi haijawahi kubadilishwa. Watu walikuja Panda kulitazama tu. Walidhani kuna dawa.

Dawa ilikuwa Moussa na mdomo wake. Alinikataza kuondoka asubuhi kabla injini haijapata moto. Alinikataza kulizuia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki. Alinikataza kurudi nyuma kabla magurudumu hayajasimama kabisa.

"Sac ine," alikuwa akiniambia kila nikipakia mahindi, yaani magunia manne. "Ya tano utabeba ku kichwa."

Nilimtii. Nilikasirika, nilimsonya, lakini nilimtii, maana gari lile lilinilisha mimi na watoto wangu watatu tangu mume wangu aende Kolwezi akasahau njia ya kurudi.

Ndipo ikaja harusi ya Tausi.

Tausi ni kifungua mimba wa Moussa. Aliolewa na kijana mmoja anaitwa Yassine, muuza vitambaa, na familia ya Yassine ikaona hakuna gari la kumbeba bibi-arusi kama langu. Jeupe, safi, halitoi moshi. Ungeweza kukataa? Mtoto wa kaka yako? Nilikubali. Moussa ndiye aliyetoa masharti.

Kwetu msafara wa harusi haupiti barabarani kimya. Magari yanapiga honi, yanapinda kushoto na kulia, na dereva anayejijua analichezesha gari: mbele kidogo, breki, nyuma kidogo, breki, mbele tena, mpaka gari lenyewe linainama na kuinuka kwa mdundo wa ngoma. Gari la bibi-arusi lisipocheza, watu watasema mwaka mzima kwamba upande ule haukufurahi. Gari la gia za kuhesabu linaweza kuvumilia upuuzi huo. La mkanda linakufa.

"Hapana muntu atashika volant ya gari hii," Moussa akatangaza mbele ya wakwe. "Nitaendesha minye mwenyewe. Na gari haitacheza. Gari haina miguu. Muntu njo anacheza."

Wakwe walinung'unika. Yeye alikunja mikono, mambo yakaisha.

Tuliondoka Panda saa tisa mchana kwenda ukumbini mjini, joto kali, Moussa kwenye usukani ndani ya suti iliyombana, mimi nyuma na Tausi aliyejaa gauni mpaka madirishani. Mpiga video alitufuata kwa pikipiki. Mbele yetu kulikuwa na gari la mjomba wa Yassine, nalo likaanza kucheza. Watu barabarani wakapiga makofi. Kisha wakatugeukia sisi, wakaanza kuimba: "Ichezeshe! Ichezeshe!"

Na yeye akalichezesha. Yeye! Bwana masharti! Nilimwona akivuta mkono wa gia mbele, nyuma, mbele, nyuma, magurudumu hayajasimama, injini inalia. Gari liliinama na kuinuka vizuri kuliko yote. Tausi alicheka machozi yakamtoka. Tulifika karibu na mzunguko, nikasikia mlio mwembamba, halafu harufu ya mafuta yaliyoungua, halafu injini ikapiga kelele na gari likabaki palepale. Bibi-arusi alimaliza safari kwa miguu, viatu mkononi. Mimi nilibaki kusukuma gari langu na vijana wa watu nisiowajua.

Sikulala na hasira, nilikesha nayo. Jumatatu asubuhi nilikuwa karakana kabla ya Moussa. Akafungua mfuniko wa chini mbele yangu na mbele ya wateja wawili, Pitshou akiwa mmojawao. Mafuta yakatoka meusi, yanametameta. Nikamngojea. Nilitaka nisikie jina la muuaji, kama anavyowaambia wengine.

"Ni uzee," akasema, hakunitazama. "Kilomita elfu mia tatu, Samira. Siku yake ilifika."

Wallahi, nilitaka kumpiga na ufunguo wa magurudumu. Miaka kumi na moja ya kuwatukana watu, na zamu yake ilipofika akakumbuka kwamba vyuma vinazeeka! Nikamwambia yeye ni mwongo na mwoga, nikamwambia mbele ya wateja wake, na nikaondoka.

Wiki mbili sikusema naye. Nilipeleka makayabu kwa pikipiki za kukodi, mfuko mmoja mmoja, na wake wa Kakontwe wakachoka kunisubiri. Mwanamke mwingine mwenye gari akaanza kuwafikia kabla yangu. Kila nilipofika nikakuta masufuria yanachemka samaki wa mwenzangu, hasira ilipanda upya. Moussa alimtuma mkewe Chadia mara mbili aje kunisemesha. Mara zote mbili nilimrudisha.

Mara ya tatu Chadia alikuja na mama yetu, na mama harudishwi. Nikasema nitakwenda kula kwao Ijumaa baada ya sala, lakini kwa sharti moja: Moussa aseme mbele ya familia nzima kwamba ni yeye aliyeua giaboksi yangu. Asiposema, udugu wetu umeishia hapo. Na kwa kuwa nilijua atarudia hadithi ya uzee, nilimwomba Tausi alete video ya harusi. Nilitaka mkono wake uonekane juu ya ile gia.

Tulikula. Moussa hakugusa nyama. Tausi akachomeka video kwenye televisheni, akaipeleka mbele mpaka kwenye msafara, na mpiga video alikuwa amefanya kazi nzuri, alikuwa ubavuni mwetu kabisa. Gari langu likaonekana linakwenda taratibu, limenyooka. Moussa usukani, uso mkavu, anatikisa kichwa: hapana.

Na nyuma yake, kwenye dirisha la nyuma, mwanamke amejitoa nje mpaka kiunoni. Kitambaa cha kichwa kimemteleza shingoni. Anapiga paa la gari kwa kiganja.

"Ichezeshe, Yaya! Ichezeshe! Weye ni baba ya bibi-arusi, ao chauffeur wa maiti?"

Moussa kwenye video akatikisa kichwa tena. Mwanamke yule akapiga paa kwa nguvu zaidi. "Gari ni ya minye! Nimesema ichezeshe! Utamuhaibisha mutoto juu ya boîte?"

Mara ya tatu alipiga kwa mikono miwili. Hapo ndipo mkono wa Moussa ukashuka kwenye gia.

Naapa sikukumbuka. Nilikumbuka kelele za watu, nilikumbuka kicheko cha Tausi, sauti yangu mwenyewe nilikuwa nimeipoteza kabisa. Chadia aliziba kicheko kwa mtandio. Nilimgeukia Moussa, nikijua kwamba wiki mbili zote alikuwa na jibu la kunimaliza, na mbele ya Pitshou alilimeza na kusema uzee.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Mukono ulikuwa wa minye," akajibu. "Weye ulipiga kelele, minye njo fundi."

Kisha akavuta sahani yake, akaanza kula. "Nitatafuta boîte ingine Lubumbashi," akasema na mdomo umejaa. "Lakini kuiweka, weye utanishikia torche."

Giaboksi ilifika baada ya siku kumi. Kwa siku mbili nililala chali kando yake chini ya gari langu, nimeshika tochi, mafuta yananidondokea machoni, na kwa siku mbili hizo ndugu yangu alinitukana: mkono unatetemeka, mwanga uko pembeni, mwanamke gani huyu asiyejua kunyoosha kitu. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, sikumjibu.